Johann Ludwig Krapf: Kazi Aliyoikusudia na Kazi Iliyobaki

Jina la Johann Ludwig Krapf si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Aghalabu hulikuta katika mhadhara wa kwanza wa historia ya lugha, ambapo hutajwa kwa haraka kuwa mwandishi wa sarufi ya 1850 na kamusi ya 1882, kisha mhadhara ukasonga mbele hadi kwa Steere, Taylor na Madan. Wanajiografia nao humtaja kama Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya, na katika makanisa ya Pwani anakumbukwa kama mwasisi. Kwa sifa hizo tatu mtu angedhani kuwa maisha yake yalikuwa mfululizo wa mafanikio. Ukweli ni kwamba, kwa kipimo alichojiwekea mwenyewe, Krapf alishindwa karibu katika kila jambo alilolianza. Alifukuzwa, akazuiwa njiani, akaporwa, akafiwa, akarudi kwao akiwa mgonjwa, na kazi kubwa aliyoikusudia Afrika haikukamilika kamwe. Kilichobaki ni kile ambacho yeye alikichukulia kama zana tu ya kufanyia kazi nyingine.

Ikumbukwe kuwa wasifu wa watu wa aina hii umezoeleka kuandikwa kwa sifa tupu. Waandishi wa kimisheni walimfanya mtakatifu. Baadhi ya wahakiki wa baadaye wakamfanya jasusi wa ukoloni. Pande zote mbili zimesahau kumtazama kama mtu mwenye kazi, aliyefanya maamuzi ya kikazi, mengine mazuri na mengine mabaya mno, na ambaye maamuzi yake yaliacha alama katika lugha ambayo leo inasomwa na kufundishwa vyuoni.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala kitandani kwa miezi mingi, na katika kipindi hicho akazama katika kusoma Biblia. Baadaye alipelekwa shule ya Kilatini mjini Tübingen. Huko alivutiwa na ramani, hususan sehemu za Afrika ya Mashariki zilizokuwa tupu bila jina la mji wala mto. Alitamani kuwa nahodha wa meli, ila baba yake hakuwa na fedha za kumsomesha kazi hiyo.

Mnamo 1827 aliingia chuo cha misheni cha Basel, Uswisi. Hakudumu. Alisoma vitabu vya wanafalsafa wa kidini waliosisitiza utulivu wa ndani, akajiona hafai kuwa mmisionari, akaondoka. Alirudi Tübingen kusomea theolojia, akahitimu na kuwa msaidizi wa mchungaji kijijini. Hapo nako alihubiri kuwa dunia imo katika saa yake ya mwisho, wakubwa wa kanisa wakamhoji, naye akajiuzulu. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini na saba na tayari alikuwa ameacha njia mbili. Ndipo rafiki yake Msweden, Peter Fjellstedt, alipomshauri ajiunge na chama cha wamisionari cha Kanisa la Uingereza, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake CMS. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia.

Kwa hakika tabia iliyokuja kumtawala maishani ilikuwa imeshajitokeza. Krapf alikuwa mwepesi wa kuanza. Alipoona mlango umefungwa hakukaa chini kuuliza umefungwa kwa nini. Alitafuta mlango mwingine.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Adwa, katika jimbo la Tigrai, alikowakuta Wajerumani wenzake akiwemo Karl Isenberg. Wamisionari hawa walikuwa Waprotestanti katika nchi yenye kanisa lake la kale, na badala ya kutafuta nafasi ndani ya mila za kanisa hilo walianza kwa kulikosoa. Isitoshe, Isenberg alijenga nyumba yenye msingi mkubwa kiasi kwamba ulizuka uvumi kuwa wageni wanachimba njia ya chini kwa chini ili kuwaingiza askari kutoka pwani. Mwaka 1838 walifukuzwa.

Krapf alielekea kusini, akafika Ankober, makao ya Sahle Selassie, mfalme wa Shewa, mwaka 1839. Hapa ndipo alipofanya kosa ambalo pengine lilikuwa zito kuliko yote ya ujana wake. Lengo lake halikuwa Shewa yenyewe. Alikuwa ameshawishika kuwa Waoromo, ambao katika maandishi ya wakati huo waliitwa kwa jina la Wagalla lisilokubalika leo, ndio ufunguo wa bara zima. Aliwaona kama taifa kubwa lenye nguvu, lililotandaa kutoka Ethiopia hadi karibu na ikweta. Wakishaamini wao, alidhani, Afrika nzima ingefuata. Alijifunza lugha yao, akaandika muhtasari wa sarufi yake uliochapishwa London mwaka 1840, na akaanza kutafsiri Injili. Hadi hapo kazi ilikuwa njema. Lakini njia aliyoitumia kuwafikia Waoromo ilikuwa kuambatana na mfalme aliyekuwa akiwapiga vita. Mapema mwaka 1840 alisafiri pamoja na jeshi la Sahle Selassie katika msafara wa kuwashambulia. Ni vigumu kufahamu jinsi mtu mwenye akili yake hakutambua kwamba hawezi kuingia katika kijiji nyuma ya mikuki ya adui kisha akapokewa kama rafiki.

Mwaka 1841 ulikuja ujumbe wa serikali ya Uingereza ukiongozwa na Kapteni Harris kutafuta mkataba na mfalme. Krapf aliujua ufalme ule na lugha yake, hivyo akawa msaidizi muhimu wa ujumbe huo, na mkataba ukatiwa sahihi mwezi Novemba. Kwa muda mfupi alionekana amepanda cheo. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha Tübingen kilimpa shahada ya udaktari kwa ajili ya miswada ya kale ya Ethiopia aliyoituma. Mnamo Machi 1842 aliondoka Shewa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Njiani, katika nchi ya Wollo, alikamatwa na mtawala mmoja wa huko na kunyang'anywa karibu kila kitu. Alifika pwani akiwa hana kitu, akafunga ndoa Misri, kisha akajaribu kurudi Shewa. Hakuruhusiwa. Mfalme hakuwa tena na haja naye, na mtu aliyejifungamanisha na siasa za mataifa hutupwa siasa hizo zinapogeuka. Miaka mitatu ya kujenga mahusiano ilikwisha kwa amri ya mtu mmoja.

Walijaribu kupitia Massawa, na katika safari hiyo ya jangwani Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, yaani chozi.

Ni katika hali hii ndipo wazo la Pwani ya Waswahili lilipozaliwa, na si sahihi kulieleza kama mwito wa kwenda kwa Waswahili. Krapf alitazama ramani akaona kwamba Waoromo walienea hadi kusini. Kama mlango wa kaskazini umefungwa, angewazunguka na kuwaingilia kutoka bandari ya Bahari ya Hindi. Mombasa kwake ilikuwa kizingiti tu. Tangu mwanzo, Kiswahili kilikuwa lugha ya njiani.

Mwezi Januari 1844 yeye na mkewe walifika Unguja. Sayyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa Pwani. Mwezi Mei walihamia Mombasa. Mnamo Julai 13 mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Alipopata nafuu aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa mapambano yameanza. Watu wengi wameisifu barua hiyo kwa ujasiri wake. Hata hivyo mtu anaweza pia kuisoma kwa huzuni: hata msiba aliugeuza haraka kuwa hatua ya mpango, asijipe nafasi ya kuuliza kama mwanamke aliyetoka katika msiba wa jangwani mwaka mmoja tu uliopita angestahili kupumzishwa.

Katikati ya majonzi hayo ilikuwepo kazi nyingine iliyokuwa ikiendelea kimyakimya. Mwezi Juni 1844, wiki chache tu baada ya kuhamia Mombasa, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake mkuu alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Mohiddin. Tukio hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko lilivyozoea kutazamwa. Mgeni wa Kikristo aliyekuja kuupinga Uislamu alifundishwa Kiswahili na mwanazuoni wa Kiislamu, nyumbani kwa Waislamu, kwa barua ya mtawala Mwislamu. Kadhi alikuwa na elimu ya Kiarabu, alikijua kisa cha uumbaji, na alikijua Kiswahili cha Mombasa katika umbo lake la kisomi. Sura tatu za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani katika jarida la wasomi wa taaluma za Mashariki mwaka 1847.

Lakini maandishi ya Krapf yamejaa maneno makali juu ya Waislamu wa Pwani. Aliwaona kama kizuizi, akawapita. Alichagua kuandika Kiswahili kwa hati za Kirumi na kuacha hati za Kiarabu ambazo wenyeji walikuwa wamezitumia kwa karne kadhaa, mojawapo ya sababu zake ikiwa kuogopa kwamba hati hizo zingeupa Uislamu nguvu. Hati za Kirumi zimekuja kushinda, na hakuna mwanafunzi wa leo atakayelalamika. Lakini kwa upande wa kazi yake mwenyewe, uamuzi huo ulimtenga na wasomaji wa pekee waliokuwepo. Waliojua kusoma Kiswahili mwaka 1844 walisoma kwa hati za Kiarabu. Aliyeandika kwa hati nyingine aliandikia watu ambao bado hawakuwepo.

La kushangaza ni kwamba mtu huyuhuyu alikuwa na jicho la kutambua thamani ya fasihi iliyokuwa mbele yake. Alijipatia nakala za tungo za Kiswahili, ukiwemo Utenzi wa Tambuka uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mnamo 1728, na mwaka 1854 nakala hizo zikahifadhiwa Halle, Ujerumani, katika maktaba ya chama cha wataalamu wa Mashariki. Watafiti wa baadaye, miongoni mwao Büttner na Meinhof, walifanyia kazi miswada hiyo. Katika orodha ya mambo aliyoyahesabu kuwa kazi ya maisha yake, tendo hilo halikupewa nafasi kubwa. Kwa anayesoma fasihi ya kale ya Kiswahili, huenda ndilo jambo lake lenye manufaa kuliko yote.

Mwezi Juni 1846 aliwasili mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kutoka jimbo lilelile. Mwezi Agosti walihamia Rabai Mpya, miongoni mwa Wamijikenda, mahali walipopachagua baada ya kukubaliana na wazee. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa, wakapanda kilima kwa zamu juu ya punda mmoja. Rabai ikawa kituo cha kudumu cha kwanza cha aina yake katika nchi ambayo sasa ni Kenya.

Hapa tofauti ya watu hawa wawili ikaanza kuwa tatizo. Krapf alikuwa na mpango wa kujenga mnyororo wa vituo kutoka Rabai kupita bara hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Alikokotoa maili, akapanga idadi ya vituo na wamisionari. Rebmann aliamini katika kukaa mahali pamoja, kulima, kufundisha wachache na kuwajua watu. Waliendelea kufanya kazi chini ya paa moja huku kila mmoja akiandikia London maoni yanayopingana na ya mwenzake. Krapf hakuwa mkatili, ila alikuwa na udhaifu wa viongozi wengi wenye maono: alidhani kwamba asiyeshiriki haraka yake hana bidii. Rebmann alikuja kukaa Pwani miaka 29 bila kwenda likizo Ulaya hata mara moja, hadi alipokuwa kipofu mwaka 1875. Hilo haliwezi kuitwa kukosa bidii.

Safari za bara zilifuata. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Krapf alikwenda Usambara kwa Kimweri mwaka huohuo, na mwishoni mwa 1849 akafika Kitui, kwa mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aitwaye Kivoi. Mnamo Desemba 3, akiwa Kitui, aliuona mlima ambao Wakamba waliutaja kwa jina ambalo aliliandika Kenia. Ulaya wasomi wa jiografia, akiwemo William Desborough Cooley ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, walicheka habari za theluji karibu na ikweta. Katika jambo hili kosa halikuwa la Krapf. Alikuwa ameona alichokiona.

Mwaka 1850 alirudi Ulaya kwa muda, na huko Tübingen akachapisha sarufi yake ya Kiswahili pamoja na orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, yaani Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Huu ulikuwa wakati mwafaka wa kukaa miaka miwili na kumaliza kamusi, ambayo malighafi yake tayari alikuwa nayo. Yeye alitumia nafasi hiyo kuomba watu na fedha kwa ajili ya mnyororo wa vituo. Alirudi mwaka 1851 na kundi la wamisionari na mafundi. Mmoja alifariki muda mfupi baada ya kufika. Wengine walishindwa na homa au kukata tamaa. Mpango uliokokotolewa kwa maili haukuwa umekokotoa malaria.

Hakukoma. Katikati ya mwaka 1851 alianza safari ya kwenda Ukambani kuanzisha kituo huko Yatta. Akashindwa kupata mahali pa kukaa, akajiunga na Kivoi aliyekuwa akielekea mto Tana. Karibu na mto, msafara ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alikimbilia msituni peke yake. Alitembea usiku na kujificha mchana, akabeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na katika mfuko wa darubini, akala majani na chochote alichokiokota. Alipofika kwa jamaa za Kivoi walimshuku kuwa amechangia kifo cha ndugu yao, akalazimika kutoroka tena. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Lakini lile kosa la Shewa lilikuwa limejirudia: kuweka mpango mzima mabegani mwa mkubwa mmoja. Mkubwa alipoanguka, mpango ulianguka naye, na mgeni akabaki na uadui ambao hakuuelewa.

Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kuondoka. Alikuwa ameishi Mombasa na Rabai kwa karibu miaka tisa. Waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Krapf aliishi miaka ishirini na minane zaidi baada ya kuondoka. Wasifu mwingi huipita miaka hiyo kwa sentensi mbili, ingawa ndiyo inayotoa funzo chungu zaidi kwa mtu wa taaluma. Alikuwa Korntal, kijiji cha wacha Mungu karibu na Stuttgart, akiwa na daftari zake za Kiswahili, muda, na ujuzi ambao hakuna mtu mwingine Ulaya aliyekuwa nao. Kamusi haikutoka. Mwaka 1855 alikwenda Ethiopia kuhusu mpango mwingine wa mnyororo wa vituo, huu ukiitwa Njia ya Mitume, wa vituo kumi na viwili kutoka Alexandria hadi Gondar, kila kimoja kikibeba jina la mtume. Ni vigumu kutotabasamu. Mafundi waliotumwa kwa mpango unaofanana na huo waliishia kutengenezewa kazi na Mfalme Tewodros, aliyetaka mizinga kuliko mahubiri, na hatimaye wakawa miongoni mwa Wazungu aliowazuia. Uingereza ilipotuma jeshi la Napier kuwakomboa mwaka 1867, Krapf, mwenye umri wa miaka 57, aliajiriwa kama mkalimani. Aliugua na kurudishwa kabla ya vita vya Magdala.

Katikati ya hayo, mwaka 1858, alichapisha simulizi ya safari zake kwa Kijerumani, ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1860, na mwaka 1862 akarudi Mombasa kuwaongoza wamisionari wa Kimethodisti walioanzisha kituo cha Ribe. Kila jambo lilikuwa jema kwa nafasi yake. Yote kwa pamoja yaliila kamusi.

Wakati huo lugha haikumngojea. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akasikiliza Kiswahili cha mji ule, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha mwongozo wa lugha kama inavyosemwa Unguja. Kilikuwa kitabu chepesi, cha bei ya kawaida, chenye mpangilio uliofaa mtu anayetaka kujifunza haraka. Makarani, wafanyabiashara na wamisionari wapya walikitumia. Krapf alilalamika kwamba Kimvita ndicho Kiswahili bora na kwamba Kiunguja kimejaa maneno ya Kiarabu. Hoja hiyo inaweza kujadiliwa, na imejadiliwa sana. Ila aliyekuwa akiitoa alikuwa bado hajaweka mezani kitabu cha kushindana na kile cha Steere. Kazi iliyo kwenye daftari, hata ikiwa bora, haiwezi kushindana na kazi iliyo mikononi mwa watu.

Je, kama kamusi ya Krapf ingetoka mwaka 1855, Kiswahili sanifu kingekuwa Kimvita? Baadhi ya Wamombasa wamependa kuamini hivyo. Ukweli unadai tahadhari. Unguja ilikuwa makao ya sultani na kitovu cha misafara iliyokwenda hadi maziwa makuu. Kiunguja kilikuwa kimeenea bara kabla ya Mzungu yeyote kuandika kamusi. Biashara na utawala vina nguvu kuliko kitabu. Hata hivyo si haba kwamba mabishano ya miaka ya baadaye yalifanywa na watu ambao tayari walikuwa wamesomeshwa kwa kitabu cha Unguja. Kuchelewa kwa Krapf hakukuuamua mjadala, lakini kulimnyima Mmvita shahidi wake kwa miaka thelathini.

Kamusi yenyewe, ilipokuja, ilikuwa na sura ya mtu aliyeiandika. Ni ghala zaidi ya kamusi. Ndani yake mna Kimvita, Kinyika, maneno aliyoyapata kwa wenzake, maelezo marefu ya vyakula, ada, mitego na maradhi, methali, na mahali pengine alama ya kuuliza ambapo mwandishi hakuwa na hakika. Mwanafunzi anayetafuta maana kwa haraka hukereka. Mtafiti wa historia ya msamiati hukaa nayo siku nzima, kwa kuwa humo mna maneno ya Mombasa ya miaka ya 1840 ambayo hayapatikani kwingine. Makosa yapo, ya matamshi na ya mgawanyo wa maneno, na William Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880 na kusoma kwa wajuzi wa mji akiwemo Mwalimu Sikujua, alionyesha baada ya miaka michache ni kiasi gani mgeni anaweza kupata akikubali kukaa chini kwa muda mrefu kama mwanafunzi wa wenyeji.

Krapf hakuiona kamusi yake ikiwa kitabu. Asubuhi ya Novemba 26, 1881 alikutwa Korntal amepiga magoti kando ya kitanda, ameshakufa. Kamusi ilitoka London mwaka 1882. Mwaka 1883 Joseph Thomson alifika karibu na Mlima Kenya na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Mwaka 1925 H. K. Binns alitoa toleo la kamusi hiyo lililosahihishwa na kupangwa upya. Miaka mitatu baadaye, wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana Mombasa, katika mji uleule ambako kadhi na mgeni wake waliketi na kitabu cha Mwanzo, wakakubaliana kuwa Kiswahili cha shuleni kifuate Kiunguja.